Chunga Hii Gari

Boksi jipya la gari la bati lina harufu yake, na sijapata kuikuta mahali pengine. Ni harufu ya rangi iliyokaushwa kwa moto, mafuta mepesi ya resori, ile springi ya ndani, na karatasi laini iliyokunjwa na mtu mwenye subira. Majuzi mvua ilikuwa inapiga juu ya ziwa, nami nimeketi barazani kwangu Nguba, hapa Bukavu, nikafungua boksi la namna hiyo lililotoka Ulaya. Ndani lilikuwemo gari la mashindano la zamani, jekundu, lenye pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda, magurudumu yote nje, na dereva wa bati mwenye kofia ya ngozi na miwani mikubwa. Kabla sijaligusa, harufu ilinifikia kifuani, na nikajikuta Kadutu, mtaa niliozaliwa, miguu pekupeku kwenye sakafu ya simenti, nikiwa bado na meno ya utotoni.

Wanaonifahamu hapa mjini wanajua kwamba mimi si mtu wa kuomba. Niliondoka Bukavu na mfuko mmoja mkononi, nikarudi na diploma ya uhandisi wa mitambo ambayo hakuna aliyenisaidia kuipata. Nyumba hii inayotazama ziwa niliisimamisha mwenyewe, bila mjomba waziri wala baba mkwe tajiri. Katika saluni, yaani sebuleni, ukuta mzima umejaa rafu za mbao ngumu, na kwenye rafu hizo nimeyapanga magari yangu: ya kijani ya Waingereza, ya bluu ya Wafaransa, ya rangi ya fedha ya Wajerumani, mekundu ya Waitaliano. Ni nakala za magari yaliyoshindana kabla baba yangu hajazaliwa, na zimetengenezwa kwa namna ya zamani, bati jembamba lililopigwa rangi, resori tumboni, ufunguo ubavuni. Sidhani kama kutoka hapa hadi Uvira yuko mtu mwingine mwenye mkusanyo kama huu, na nasema hivyo kwa kuwa nimeulizia.

Wageni wanapoingia hucheka. “Engenieri, mutu muzima na michezo ya batoto?” Huwajibu kwamba hivyo ni vitu vya thamani, kwamba huko Ulaya wazee wenye mvi huvigombania. Ni kweli. Lakini ninyi mnaonisoma mmeketi karibu nami kuliko wageni wale, na nitawaambia kitu ambacho wao siwaambii.

Kadutu ya utoto wangu ilikuwa ya mteremko na matope. Nyumba yetu ilikaa ubavuni mwa kilima, ikishikwa na ukuta wa mawe ambao baba aliujenga upya kila baada ya mvua kubwa. Baba alikuwa karani, Mrega wa Mwenga, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno machache. Mama alikuwa Mushi, mzaliwa wa Miti, lakini aliletwa mjini angali mdogo akalelewa na shangazi yake. Aliuza sambaza sokoni, na mikono yake ilinuka samaki wale wadogo hata siku ya Misa. Baba hakujua Kimashi, mama hakujua Kirega, basi Kiswahili kikawa paa la nyumba yetu. Tulipendana kwa Kiswahili, tulipigwa kwa Kiswahili, na mtu wa upande wowote aliyevuka kizingiti aliacha lugha yake nje pamoja na viatu vyenye matope.

Magari tulijitengenezea. Kopo la sardini lilikuwa bodi, magurudumu tuliyakata kwenye kambambili zilizokwisha, na kijiti kirefu kilikuwa usukani. Sijisifu bure nikisema kwamba magari yangu yalikuwa bora kuliko ya mtaa mzima. Watoto walinijia nikawanyooshee ekseli zao. Lakini gari la kopo lina aibu moja: lazima ulisukume. Ukiacha kusukuma, linasimama, na wewe unabaki na kijiti mkononi.

Ndugu mkubwa wa mama alikuwa dereva. Tulimwita Tonton Bisimwa, yaani Mjomba Bisimwa. Alibaki Miti mpaka ndevu zilipomwota, akichunga ng’ombe wa babu kwenye vilima vya Kabare, kisha siku moja akapanda nyuma ya kamiyo, lori la kubeba ndizi, na kuanza kazi ya kupakia. Miaka ikapita, akahamia mbele, nyuma ya usukani. Alikuwa akiendesha kamiyo ya Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka la vyombo mjini. Alipotutembelea alileta harufu mbili zisizochanganyika: mazutu, yaani dizeli, na mashanza, yale maziwa mazito ya kwao aliyoyabeba ndani ya kibuyu. Mke aliyekuwa naye hakumzalia mtoto. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa dada yake, na kila alipofika aliniita “Dereva” kabla hajasalimu mtu mwingine.

Mgiriki aliamua kumwuzia tajiri mwingine kamiyo pamoja na dereva wake, kufunga duka na kurudi kwao. Siku ya mwisho aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achukue kitu kilichobaki. Mmoja alichukua beseni za enameli, mwingine kitambaa cha mapazia, mwingine akabeba friji iliyokuwa haigandishi tena. Tonton Bisimwa alipita katikati ya rafu zile tupu akachukua gari la bati. Wenzake walimcheka mpaka jioni. Alituhadithia mwenyewe, akicheka kuliko wao.

“Mimi naogopa friji,” alisema. “Inakaa tu mu nyumba kama mugeni mwenye hasira.”

Akalitoa ndani ya koti lake. Lilikuwa la bluu. Lilikuwa na namba nyeupe mkiani, mabomba ya kutolea moshi yaliyochorwa ubavuni, na dereva aliyekaza shingo kama mtu anayepita mbele ya kanisa akiwa amechelewa. Tonton alipiga magoti pale simentini, akaingiza ufunguo, akazungusha. Krr, krr, krr. Sauti ile ilinikuna mgongoni. Kisha akaliachilia. Mungu wangu! Lilikwenda lenyewe. Lilipita chini ya meza, likagonga mguu wa kiti, likageuka, likamfuata baba na kumgonga kwenye kiatu. Dada yangu mdogo, Furaha, alipanda juu ya kitanda akilia. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akiruka, aliruka.

“Shemeji, usiogope, haiumaka!” Tonton alisema, na mama akacheka mpaka akajifuta machozi na pembe ya kitenge.

Kisha Tonton aliliokota, akaliweka mikononi mwangu, akaifunika mikono yangu na ya kwake mikubwa. Uso wake ulibadilika ukawa wa mtu anayezungumza jambo la nyumba.

“Deo. Chunga hii gari. Unasikia? Chunga muzuri. Ku Pasaka nitarudia, nione vile ulichunga. Nikikuta unajua kuchunga, tutashuka na weye mpaka Uvira. Mu kabine. Pembeni yangu.”

Uvira! Nilijua habari za Uvira kama wengine wanavyojua za Yerusalemu. Niliambiwa kwamba barabara inashuka kwa kona zinazokufanya uombe rozari nzima, kwamba ukipita Kamanyola joto linakufungulia vifungo vya shati, kwamba kule chini kuna ziwa jingine lisiloonekana ng’ambo na viboko wanaotoka jioni kula majani ya watu. Mtoto wa mtaa wetu hakuna aliyefika. Nami ningefika, tena kwenye kabine, mkono dirishani.

Kamiyo ya Tonton ilipokwisha kunguruma kuelekea Miti, baba alifunga mlango. “Mumesikia?” alituambia. “Amesema achunge. Kitu ya mutu hiyi.” Baba alikuwa na msemo wake aliotupigia kila siku: kitu ya mwenyewe iko na macho. Maana yake, ukiachiwa kitu cha watu, chenyewe kinakutazama, kitakwenda kukusemea. Kwetu mjini, mtu akikuambia “chunga feza yangu”, unaiweka mahali ambapo hata wewe mwenyewe huifikii kirahisi. Mama alikubaliana naye. Alileta kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, akakitandika ndani ya bifé, ile kabati ya vioo ya saluni, na gari likakaa pale kati ya glasi za wageni na sanamu ndogo ya Bikira Maria. Ufunguo wake ulifungwa kwenye leso na kuwekwa juu, nyuma ya saa.

Nami nilikubali kwa moyo wote. Nataka mlielewe hilo. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na gari linalokwenda lenyewe, nilikuwa na mikono, na baba alikuwa kazini mchana kutwa, na bado sikuligusa. Kila asubuhi nilipangusa kioo cha bifé kwa pumzi na mkono wa shati. Watoto wa jirani niliwaruhusu kuja baada ya Misa ya Jumapili, wakiwa bado safi, na niliwapanga mstari, mikono nyuma. Walilitazama kama wanavyotazama Sakramenti. Mmoja aliuliza kama kweli linakwenda. “Linakwenda kuliko baba yako,” nilimjibu, na hakuna aliyethubutu kucheka karibu na kioo. Wengi wa rika lile walikuwa hawawezi kuiacha sukari kwenye bakuli. Mimi niliweza kukiacha kitu nilichokipenda kuliko vyote, siku baada ya siku. Nadhani ile diploma yangu ilianza kuandikwa pale.

Mvua zilipozidi, baba alihofia kutu. Akaleta mawese, si yale ya sokoni, bali ya kwao Mwenga, mekundu, yaliyotumwa na mama yake ndani ya chupa iliyozibwa kwa jani la ndizi. Jioni moja alilitoa gari, akaliweka juu ya gazeti, akalipaka kwa ncha ya unyoya: bodi, magurudumu, na matone mengine akayadondosha kwenye tundu la ufunguo “ili ndani nako kufurahi”. Alilipaka polepole, akipuliza, kama mtu anayemwandaa mtoto mchanga kwa ubatizo. Leo ningemwambia kwamba mawese huganda, hushika vumbi, huwa gundi kwenye meno madogo ya resori. Jioni ile nilishika taa na kuona mtu mwangalifu kuliko wote duniani akikiangalia kitu changu.

Pasaka ikafika. Jumatatu yake asubuhi nilikuwa tayari. Raba zangu nilizipaka chaki mpaka zikatoa vumbi nilipotembea. Mama alinifungia mfuko: shati moja, kaptura moja, kipande cha muhogo kwa njiani. Alikuwa amepika bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza za kukaanga, harufu ikashuka hadi barabarani, na huko chini tulisikia honi ya kamiyo.

“Deo! Dereva!” Sauti ya Tonton ilipanda kilima kabla yake. “Gari iko wapi? Leta nione vile imechoka!”

Imechoka. Neno lile lilipita masikioni mwangu kama nzi.

Baba alivaa koti. Kwa kweli, alivaa koti ili kufungua bifé. Alitoa gari kwa mikono miwili, likang’aa kuliko siku ya kwanza, na akampa Tonton pamoja na ufunguo ndani ya leso yake. Nilisimama wima kando, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo anayoyajua.

Tonton aliligeuza. Alipitisha kidole chini ya magurudumu. Akalinusa, akacheka.

“Shemeji, hii gari mulitaka kuikaranga?”

“Ni mawese ya kwetu,” baba alijibu bila kucheka. “Ya muzuri. Isishike kutu.”

“Na ilitembea mwisho lini?”

“Haijatembea,” baba alisema, na kifua chake kilipanda. “Hata mara moja. Tangu ulituachia, hakuna mukono ya mutoto ilifika pale.”

Kicheko cha Tonton kilianza kupungua kutoka machoni, mdomo ukabaki wazi bado. Aliingiza ufunguo. Ulizunguka kwa shida, bila ile krr, kama kijiko ndani ya uji mzito. Aliliweka simentini akaliachilia. Gari lilitetemeka kidogo, likasogea upana wa kidole, likasimama. Tulilitazama sote. Furaha, ambaye tayari alikuwa amepanda kitandani kwa hofu, alishuka.

“Nsimire,” Tonton alimwambia mama, taratibu, “nilimuambia huyu mutoto achunge.”

“Si alichunga?”

“Hakuchunga.”

“Yaya, fungua macho!” mama alisema; hivyo ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa. “ Angalia rangi. Iko na alama wapi?”

“Ndiyo nakuambia. Haina alama. Hakuchunga.”

Mama alipiga makofi, akageukia ukuta kana kwamba kuna baraza la watu wanaosikiliza. “Weee! Mutoto alijikatalia, akafukuza batoto ba majirani, kila asubuhi anapangusa kioo, alafu unasema hakuchunga! Ulitaka achunge namna gani? Atoke na yo mu matope? Alale na yo?”

“Ehe!” Tonton alipaza sauti. “Atoke na yo! Alale na yo!”

Mama alidhani anadhihakiwa. Hapo baba akaingia, mtu ambaye kwa kawaida aliyaacha maneno ya shemeji na dada yapite.

“Shemeji, mu nyumba yangu kitu ya mutu haiharibikake. Sisi Barega tuko batu ba pori, sawa, munatuitaka vile. Lakini hatukule kitu ya mwenyewe. Gari yako ni hii. Beba.”

Tonton alimtazama kama mtu aliyepigwa na mtoto. “Munanirudishia,” alisema. Hakuuliza. Alisema tu, na akaliweka gari mezani, karibu na sahani ambayo mama alikuwa amemwekea, akavuta mkono wake nyuma.

Kisha aliniona. Aliona raba zenye chaki. Aliona mfuko. Akachuchumaa mbele yangu, na harufu ya mazutu na mashanza ikanifunika.

“Deo, weye mwenyewe ulichunga?”

“Nilichunga, Tonton,” nilijibu. Sijawahi kusema kweli kubwa kuliko ile.

Aliniwekea mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu kuliko salamu, akainuka akatoka. Bugali hakugusa. Kwetu, mtu kuacha chakula cha dada yake mezani ni sawa na kufunga mlango kwa misumari.

Mimi nilimfuata mbali kidogo, na mfuko wangu. Nilidhani watu wazima wamemaliza yao na sasa ni zamu ya Uvira. Kamiyo iliwaka. Niliamini anaipasha moto injini. Ilipoondoka niliamini anatafuta pa kugeuzia, kwa sababu pale barabara ni nyembamba. Nilikaa juu ya mfuko kando ya mtaro, nikitazama kona. Furaha ndiye aliyekuja kunichukua. “Mama anasema chakula imepoa,” aliniambia, akanishika mkono kama vile yeye ndiye mkubwa.

Baba alilituma gari Miti kupitia jirani, likiwa limefungwa kwenye gazeti. Mama alingoja kaka yake aje kuomba radhi. Baadaye tulisikia kwamba naye kule alikuwa anangoja. Wapatanishi walipita na kurudi, kila mmoja akibeba neno lilelile: “Anasema alichunga.” “Anasema hawakuchunga.” Tonton alipata kamiyo nyingine iliyofanya kazi barabara ya Shabunda, akahamia huko kabisa. Kisha vita vikaja, barabara zikafungwa, na habari zikawa zinatoka porini kama moshi, unaona kuna moto lakini hujui unaunguza nini. Nilikuwa Ulaya nilipopata ujumbe kwamba amefariki, kwa ugonjwa tu, kama watu wanavyofariki. Alizikwa kulekule.

Nami nilikuwa nimekwisha kujipatia somo langu kutoka katika Jumatatu ile. Niliamua kwamba ahadi ya mtu mzima haina uzito, kwamba anayekuambia “pembeni yangu” atakuacha na mfuko, na kwamba kiti ambacho hukukinunua mwenyewe si kiti. Somo hilo lilinifikisha mbali. Wenzangu walipongoja wajomba wawatafutie viza, mimi nilikuwa nimekwisha pita. Sioni haya kwa nilivyofika, na mtu asije akaniambia nione. Lakini nililijenga jumba lote hilo juu ya jambo ambalo halikutokea.

Mwaka niliporudi nilialikwa harusi Miti, kwa watoto wa mama mdogo Nabintu, dada wa mwisho wa mama. Waliniweka kiti cha mbele, wakanitambulisha na diploma yangu, na nilifurahi, siwezi kuficha. Asubuhi ya pili nilikuwa nanywa chai uani, ukungu bado umekaa juu ya mashamba. Mjukuu wa mama mdogo, kijana mdogo tu, alikuwa ananizunguka kutazama viatu vyangu. Bibi yake akatokea mlangoni na fimbo ya jikoni.

“Weye! Ngombe bado inafungwa mpaka saa hii? Utoe, uchunge!”

Maneno kama hayo nimeyasikia tangu nizaliwe. Kila mtu wa Kivu ameyasikia. Mtoto alifungua ua, ng’ombe wakatoka wakisukumana, tope likaruka, na wakapotea kwenye ukungu na kengele zao. Mimi nilibaki na kikombe hewani. Utoe, uchunge. Ng’ombe aliyefungiwa hachungwi. Kumchunga ni kumtoa, kumpeleka mbali, kumwacha akimbie, kupigwa naye mvua, kurudi naye jioni amechoka na mwenye matope hadi tumboni. Ng’ombe anayerudi bila tope, mchungaji wake alilala. Mtu aliyeishi kwenye vilima vile mpaka ndevu zikamwota alikuwa ameniambia nichunge, na sisi watu wa mjini, na baba mtu wa pori asiyefuga ng’ombe, tukaenda kutandika kitambaa.

Nilimuuliza mama mdogo kama Tonton aliwahi kunitaja.

“Alikutajaka sana,” alisema. “Wakati alikuwa kitoto, muzee wetu alimupatia ndama, akamuambia: chunga hii, nione kama uko mutu. Naye alitaka kukufanyia vile. Hakukuwa na ngombe, ndipo akachukua ile gari. Alafu akasema, batu ba mujini walipata haya na kitu yake. Walifunga mutoto asicheze na yo.” Alipuliza chai yake. “Akasema: ule mutoto, walinikatalia.”

Nilishuka Bukavu siku hiyohiyo. Mama anaishi kwangu, kwenye chumba chenye dirisha kubwa, na siku hizi anasahau majina lakini hasahau ugomvi. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikamweleza polepole, neno kwa neno: gari, bifé, ng’ombe, ua. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kutenga mawe na maharagwe, kisha vikasimama.

“Angeniambia na Kimashi,” alisema hatimaye, “ningemusikia.”

Hilo sikulifikiria. Nilimuuliza kwa nini basi Tonton hakusema naye kwa Kimashi, hata siku ile ya hasira.

“Juu ya baba yako. Yaya hakupenda baba yako akae mu nyumba yake mwenyewe kama mugeni, asisikie tunasema nini. Kila mara akifika, alisemaka Kiswahili tu. Hata mimi nikimuanzia na Kimashi, alinijibu na Kiswahili.” Alikung’uta ungo. “Alimuheshimu sana baba yako.”

Ndipo alipoisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu nguo aliyoiweka muda mrefu: sentensi nzima, chunga hii gari, nikirudi nione vile ulichunga, kama ambavyo kaka yake angeisema kwao, kwa Kimashi. Ilikuwa sentensi fupi, yenye mzunguko mzuri mwishoni. Mimi nazungumza Kifaransa, Kiingereza, Kiholanzi cha kufanyia kazi, na Kijerumani cha kusomea vitabu vya mashine. Sikuelewa hata neno.

Nikamwomba arudie.